Nyumba ya Chokaa

Tangu waingie ofisini, mchora ramani alikuwa amemuuliza Mama Pacha swali moja tu, nalo ni jiko alitaka liwe upande gani. Mengine yote alimuuliza mumewe. Sebule iwe na ukubwa gani, mzee? Choo kiwe ndani au nje, mzee? Gari utaliingizia mbele au ubavuni? Baba Pacha hakuwa na gari wala hakuwa na dalili ya kulipata, lakini alijibu kwamba litaingilia mbele, akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyekwisha kuliegesha.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mzigo wa nondo ulipotupwa huko chini, meza ilitikisika, na mchora ramani alinyanyua kalamu akasubiri itulie. Alikuwa mwembamba, shati limechomekwa barabara, na kila alipoambiwa afute kitu alivuta pumzi kwa pua kana kwamba anafutwa yeye.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akishona sare za shule kwenye korido ya nyumba ya kupanga, cherehani imebanwa ukutani, na kila aliyekwenda chooni ilibidi apite kiubavu huku akiomba radhi. Kiwanja kile kinachochorewa ramani, nusu yake ilitoka kwenye kola na mifuko ya sare hizo. Kwa hiyo mchoro ulipokaribia kwisha, aliuliza kwa upole cherehani yake itakaa wapi.

"Utaiweka sebuleni, mama," mchora ramani alisema bila kuinua kichwa. "Kochi likisogezwa kidogo."

Mama Pacha akaliacha lipite, maana siku zilikuwa zimewabana. Manispaa ilikuwa imebandika tangazo kwamba kiwanja chochote cha eneo jipya ambacho ramani yake haijapokelewa hadi mwisho wa mwezi kitapewa mtu mwingine. Zilibaki siku kumi na mbili. Huo haukuwa wakati wa kugombana juu ya kochi.

Ramani ilitoka Jumatano. Baba Pacha aliibeba kwapani kutoka kazini kwake, gereji ya mabasi, akiwa amenawa mikono mara tatu ili asiichafue kwa oili. Walisafisha meza, wakaitandaza, wakaikandamiza kona kwa vikombe. Pacha walikuwa wasichana wa miaka kumi na minne. Yule Mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kwa dakika kumi na hakumwacha azisahau, aliweka kidole kwenye chumba chenye madirisha mawili akatangaza kuwa ni chake. Mdogo aliuliza tu kama ukuta wa katikati utakuwa mnene, kwa sababu mwenzake anakoroma. Mabishano juu ya nani anakoroma yakachukua muda, na Baba Pacha akawaacha, kwa vile alikuwa na furaha na nyumba yenye kelele ilimfaa jioni hiyo.

Kisha Bibi akaomba miwani yake.

Bibi alikuwa mama yake Baba Pacha. Alikuja miaka miwili nyuma, alipovunjika nyonga, akae wiki chache hadi apone. Nyonga ilipona lakini wiki hazikwisha. Hata hivyo aliishi pale kama mtu aliye njiani. Chakula chochote kwake kilikuwa kitamu. Chai yenye sukari au isiyo nayo, alisema ni ile ile. Ukimuuliza kama amesikia baridi, alijibu kwamba hali ya hewa ni nzuri. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa ndani ya begi chini ya kitanda, akivaa hii anaifua na kuirudisha mle mle. Kazi aliyoing'ang'ania ni moja tu, kushona vifungo vya sare. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mkwewe, na wawili hao waliweza kumaliza mashati ishirini bila kusema maneno kumi, wala hakuna aliyeona kwamba maneno yamepungua.

Alipitisha kidole juu ya ramani akisoma kila chumba kwa sauti, kama mtoto anayesoma kitabu cha kwanza. Sebule. Jiko. Gereji. Chumba cha baba na mama. Chumba cha watoto, namba moja, namba mbili. Kidole kilizunguka kikaenda nyuma kabisa, baada ya stoo, kwenye chumba kidogo cha pembeni.

"Chumba cha wageni," alisoma.

"Hapo ndipo kwako, mama," Baba Pacha alisema kwa furaha yake yote. "Nimekuwekea kule nyuma kwa makusudi. Kimya kabisa. Husikii cherehani, husikii hawa wawili."

"Pazuri," Bibi akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Mama Pacha ndiye aliyeliona hilo. Alimtazama mumewe ili na yeye aone, lakini mumewe alikuwa anamwonyesha Pacha Mdogo mahali gari litakapopita.

*

Asubuhi yake begi lilikuwa juu ya kitanda. Bibi alikuwa amekwisha kumpigia simu mwanawe mdogo aje kumchukua Jumapili. Mwana huyo mdogo aliishi na mkewe na watoto watano katika vyumba viwili, na watu wote wa familia hiyo waliijua hesabu ya vitanda vyake.

Mama Pacha alikaa kando ya begi. Akauliza kama kuna mtu aliyemkosea.

"Hakuna," Bibi akasema. "Nyumba ni nzuri, na mwanangu ana moyo mzuri. Mimi nimesoma tu mlichoandika."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza. Mama Pacha alijaribu kueleza kuwa ni neno tu, kwamba mchora ramani huwaandikia watu wote hivyo hivyo. Bibi akakubali kila kitu, akaitikia kila sentensi, na akaendelea kukunja.

Baba Pacha alipopigiwa simu gereji alishindwa kuelewa. Alirudi nyumbani mchana na ovaroli yake, akachukua kalamu, akakata neno "wageni" na juu yake akaandika "mama" kwa herufi kubwa, kisha akampelekea mama yake kama mtoto anayepeleka daftari lililosahihishwa. Bibi akatazama ile ramani safi iliyopigwa mstari wa wino katikati.

"Sasa mmeniharibia na karatasi," alisema.

Baba Pacha alirudi kazini akiwa mnyonge. Siku hiyo, kwa mujibu wa wenzake, alifunga breki za basi moja mara mbili.

Mama Pacha naye alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na suruali ya mtoto mmoja mnene ambaye mama yake alileta kipimo cha kukisia kwenye karatasi, ili asipoteze muda wa kuja naye. Mama Pacha alikataa kukata. Alimwambia yule mama amlete mtoto mwenyewe, asimame, ainame, akae, ndipo kitambaa kikatwe. Yule mama akaondoka akinung'unika. Mkasi ukiwa bado mkononi, ndipo Mama Pacha aliposikia maneno yake mwenyewe. Suruali ya mtoto wa darasa la pili hawezi kuikata bila kumwona mtoto akiinama, lakini nyumba ya watu watano, ya kuishi hadi uzeeni, imekatwa na mtu ambaye hajamwona hata mmoja wao akitembea nyumbani.

Akaweka mkasi chini. Akatoka kwenda kununua chokaa.

*

Jumamosi asubuhi, Baba Pacha akiwa kazini, wengine wote walikwenda kiwanjani, Bibi pia. Alikuwa amekataa kwanza, akasema mguu unauma. Mama Pacha alimwambia kwamba anahitaji mtu wa kushikilia ncha ya kamba, mtu asiyecheza kama hawa pacha, na Bibi hakujua namna ya kukataa kazi. Akachukua fimbo yake na kiti kimoja cha plastiki kikabebwa.

Kiwanja kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, majani yamefyekwa, ukuta wa jirani upande mmoja na upande mwingine watu wakipita kwenda sokoni. Mama Pacha aliifungua ramani chini, akaiwekea mawe. Kwa kamba, vigingi na futi ndefu waliyoazima kwa seremala, alianza kuipima ile nyumba juu ya ardhi kwa ukubwa wake halisi, ukuta kwa ukuta. Alipopima, pacha walifuata na kopo la chokaa wakimwaga mstari mweupe. Penye mlango waliacha pengo. Ilipofika saa tano nyumba nzima ilikuwa imelala chini, nyeupe juu ya udongo, na wapita njia walikuwa wanasimama kuuliza kama kuna mechi.

Pacha walihamia papo hapo. Mkubwa alisimama kwenye chumba chake, akagundua kwamba madirisha yake mawili yote yanatazama ukuta wa jirani. Mdogo akabisha hodi kwenye pengo, akakaribishwa, akaingia, akatoka, akabisha tena.

Baba Pacha alifika saa sita kutoka kazini. Alipoiona nyumba yake, uso ulimchanua. Alikwenda moja kwa moja kwenye gereji. Akazunguka gari ambalo halikuwapo, akaligusa boneti, akafungua mlango wa dereva ili ashuke, na mguu wake ukatua jikoni.

"Umekanyaga sufuria," Pacha Mdogo alimwambia.

Hata yeye akacheka. Lakini alirudi nyuma akatazama vizuri, na kwa mara ya kwanza akaona kuwa gari ambalo hana limepewa robo ya nyumba, mahali pa mbele penye mwanga, na watu wamesukumwa kulizunguka.

Mama Pacha alimwendea Bibi, aliyekuwa amekaa kitini nje ya mistari, mbali kidogo, kama anavyokaa mtu anayesubiri kuitwa.

"Mama," alisema, "tuseme ni asubuhi, ndiyo kwanza umeamka kwenye chumba chako kile. Nenda jikoni ukachukue chai."

Bibi aliona aibu kidogo, lakini akanyanyuka. Akaenda hadi kile chumba cha nyuma, akaingilia mlangoni, akasimama katikati kama kweli ameamka. Kisha akatoka. Akapita stoo. Akaingia korido. Korido ile kwenye karatasi ilionekana ndefu na ya kupendeza. Juu ya ardhi ilikuwa kipande chembamba kati ya mistari miwili, na mwanamke mwenye fimbo hakuenea ndani yake. Bibi alifika hapo, akaisogeza fimbo mbele yake, akajigeuza ubavu, akabana tumbo, akaanza kupita pole pole akiangalia asiguse ukuta.

Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na uwanja mtupu na upepo, na mama yake Baba Pacha anapita kiubavu katikati yake, ili asimsumbue mtu.

Pacha waliacha kucheza. Baba Pacha alisimama kwenye gereji yake, kofia mkononi. Alikuwa amemwona mama yake akipita hivyo kwenye korido ya nyumba ya kupanga kila siku kwa miaka miwili, akadhani ni ufinyu wa ile korido. Sasa aliiona ile hali bila korido. Bibi alizunguka gereji, akafika jikoni akihema, akasema chai imeshapoa. Alitaka kuwachekesha, lakini hakuna aliyecheka.

Baba Pacha aliinua kiatu, akaanza kuufuta mstari wa gereji. Aliufuta wote, upande wa mbele, upande wa kulia, hadi udongo ukachanganyika na chokaa ukawa kijivu.

"Basi," alisema. "Mama, wewe ungependa kukaa wapi?"

"Popote," Bibi akajibu. "Popote panatosha."

"Hapana, mama," Mama Pacha alisema. "Popote hakuna mlango. Tuonyeshe kwa fimbo."

Bibi alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe. Halafu akatembea, wima kabisa safari hii, hadi pale mbele gereji ilipofutwa, upande wa barabara. Akachora kwa ncha ya fimbo mstari uliopinda, ukakutana na wenyewe kwa shida.

"Hapa," alisema. "Nione watu wanaopita. Na hapa pembeni ikae cherehani, na mlango katikati, uwe wazi."

"Lakini kelele, mama," mwanawe alisema. "Mimi nilikuweka nyuma upate kimya."

"Kimya cha nini? Ile sauti ndiyo inayonipa usingizi wa mchana. Mke wako akisimama kushona nashtuka, nadhani amepatwa na jambo."

Mama Pacha aliinama akajifanya anatafuta kigingi. Alikuwa ameomba radhi kwa mlio wa cherehani ile kila siku ya maisha yake ya ndoa.

*

Jumapili mwana mdogo alifika na pikapu ya kukodi. Alipoambiwa kwamba safari imevunjika alisikitika kwa adabu zote, kisha akala sahani mbili na kucheka kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia kwake kwa muda mrefu. Kwa kuwa gari limeshakodiwa, Bibi alimwagiza akabebe mchanga upelekwe kiwanjani. Nguo zake zikapangwa kabatini, rafu ya chini, ambayo pacha waliambiwa waiachie.

Jumatatu kazi ilikuwa kumpata mchora ramani. Aliwaambia kwamba wamwelezee tu wanachotaka, atakibadilisha mezani. Mama Pacha alimjibu kwamba hana cha kumwelezea mezani, aje kiwanjani. Alikuja mchana akiwa na viatu vilivyong'aa na sura ya mtu anayepotezewa siku. Alitazama ile mistari, akapanda juu ya ukuta wa sebule, akawa anakata njia kuelekea kwao.

"Kijana," Bibi alimwita kutoka kitini kwake, chumbani kwake, "mlango uko kule."

Mchora ramani alisimama, mguu mmoja hewani. Akaangalia kama kuna anayetania. Hakumwona. Akarudi nyuma, akazunguka, akaingilia mlangoni, na Mama Pacha akamkaribisha.

Aliitembea nyumba yote. Alipofika kwenye korido alinyoosha mikono, akagusa kuta zote mbili, akavuta pumzi kwa pua, lakini safari hii akaandika. Alisimama jikoni akatazama jua lilipo. Kisha akafika pale cherehani itakapokaa, chumba cha kushonea kando ya cha Bibi, akafungua ukurasa mpya wa daftari lake, akamgeukia Mama Pacha.

"Meza yako ya kukatia ina urefu gani?" aliuliza.

Mama Pacha alimjibu. Akamweleza pia mwanga unatakiwa utoke kushoto, maana ukitoka kulia mkono unafunika mshono, na pasi inataka soketi yake mbali na mlango, na mteja anayejaribu nguo anataka kona yenye pazia. Aliongea nusu saa. Mumewe alisimama pembeni bila kuulizwa lolote, akajikuta anamshikia mchora ramani futi.

Mwishoni Baba Pacha alikohoa, akauliza kama gari, likija, litapata hata mahali pa kusimama. Wakakubaliana nguzo nne na mabati ubavuni, nje kabisa. Pacha Mkubwa akahamishiwa dirisha moja upande wa barabara, akaridhika baada ya kuhakikisha kwamba la mwenzake si kubwa zaidi. Kile chumba kidogo cha nyuma kikaunganishwa na stoo.

"Na wageni?" mchora ramani aliuliza, kalamu ikisubiri. "Wakija watalala wapi?"

"Sebuleni," Mama Pacha alisema. "Kochi likisogezwa kidogo."

Mchora ramani aliandika. Alikuwa amefika hadi barabarani ndipo kicheko kikamtoka, wakamwona akitikisika mabega.

*

Waliipeleka manispaa siku moja kabla ya mwisho. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na ramani yake imeviringishwa, na Bibi, ambaye hakuna aliyemwita lakini alikuwa amevaa mapema kuliko wote, alipewa nafasi ya kukaa kwenye benchi la mbele. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye muhuri mkubwa. Aliikagua ramani, akapima korido, akahesabu madirisha. Mwisho akaweka kidole kwenye chumba cha mbele.

"Hapa pameandikwa 'Chumba cha Mama'," alisema. "Hiki ndicho cha mbele na chenye mwanga. Kwa kawaida tunaona ni cha mwenye nyumba."

"Ndivyo ilivyo," Baba Pacha akajibu. "Mwenye nyumba ndiye yule pale kwenye benchi."

Karani alimtazama Bibi juu ya miwani, na Bibi akamtazama karani juu ya yake. Muhuri ukashuka.

Walirudi kwa miguu, ramani iliyopokelewa ikiwa mikononi mwa Mama Pacha. Baba Pacha alitangulia na pacha, tayari wanabishana juu ya rangi. Bibi alitembea na mkwewe. Njiani akasema kuwa dirisha la jiko wamelikosea, jua la alasiri litawapiga usoni. Mlango wa choo nao unafungukia ndani, ufungukie nje. Na bomba, kwa nini liwe kule, mtu achote maji akizunguka nyumba nzima? Kijana yule ana adabu lakini mvivu wa kufikiri. Halafu, bila kupumzika, akasema kwamba hata chai ya asubuhi hii haikuwa na sukari ya kutosha, na kwa kweli, kwa miaka miwili yote, chai ya nyumba ile haijawahi kuwa na sukari ya kutosha.

Mama Pacha hakumkatiza. Hakuwa amewahi kumsikia akilalamika, hata kidogo, tangu siku ile aliposhushwa getini akiwa na nyonga yake iliyovunjika, na alitamani mumewe angekuwa karibu asikie. Akaibana ramani kwapani, akamshika mkono mama mkwe ili wavuke barabara.

"Enhe," alisema. "Na chumvi je?"

"Chumvi," Bibi akasema, "ndiyo kabisa."